Je, Wajua? Kivuli, Udongo na Chemchemi za Mpakani

Je, wajua kwamba dakika 120 kwa wiki zinaweza kuleta tofauti? Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na Mathew White wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 19,806 nchini Uingereza. Waliokuwa wamekaa kwenye bustani za umma, msituni, ufuoni au mashambani kwa muda wa saa mbili au zaidi katika wiki iliyotangulia ndio waliosema kwa wingi kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha, wakilinganishwa na wale ambao hawakutoka kabisa. Haikujalisha kama muda huo uliishia kwenye matembezi ya siku moja au uligawanywa vipande vipande. Chini ya dakika hizo, tofauti haikuonekana.

Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo sababu, kwa kuwa mzima hutoka nje kwa wepesi kuliko mgonjwa. Hata hivyo, wazee na wenye maradhi ya kudumu nao walionekana kunufaika vivyo hivyo. Dakika 120 ni muda ambao dereva wa trela pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huumaliza akingojea tu karatasi zake za forodha. Swali ni anangojea wapi.

Je, wajua moshi wa dizeli umewekwa kundi moja na sigara? Mwezi Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliutaja moshi huo kuwa miongoni mwa vitu vinavyojulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu. Malaba ni mwisho wa safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa kwa upande wa Kenya. Mwaka 2020, madereva walipolazimika kupimwa korona kabla ya kuvuka kwenda Uganda, foleni ya malori ilinyooka kwa makumi ya kilomita. Wanaouvuta moshi si madereva peke yao. Yuko mama anayeuza chai na mandazi kando ya magurudumu, wako wabadilishaji fedha, yuko kijana wa boda boda anayesubiri abiria, na yuko mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mamake.

Lipo la kutia moyo hapa. Uchafu wa hewa unaotoka barabarani hupungua kwa kasi ndani ya mita 150 hadi 200 za mwanzo. Kuisogeza benchi ya kupumzikia nyuma ya nyumba chache, penye ua wa miti na majani mazito, ni tiba isiyohitaji daktari.

Je, wajua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yasiyodhuru afya?

Je, wajua kutembea kando ya barabara kuu na kutembea nyikani huacha alama tofauti kwenye ubongo? Mwaka 2015, Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachukua watu 38 wakawatembeza dakika 90. Baadhi walipita kwenye uwanda wa nyasi na miti, wengine wakaifuata barabara yenye magari tele. Waliorudi kutoka nyikani walikuwa wamepunguza tabia ya kuyatafuna mawazo mabaya yale yale, na picha za ubongo zilionyesha kwamba ile sehemu inayohusika na tabia hiyo ilikuwa imetulia. Waliopita barabarani hawakupata nafuu hiyo. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake wa mahindi umezuiliwa mpakani anaifahamu hali inayozungumziwa: hesabu moja ya hasara inazunguka kichwani kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane, bila jibu. Mzigo hautatoka kwa sababu amekwenda kutembea mashambani. Lakini atakayerudi kuufuatilia atakuwa na kichwa kilichopoa, na kwa wanaofanya kazi ya mpaka hilo si jambo dogo.

Je, wajua hata dirisha lina sehemu yake? Mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao walilazwa vyumba vinavyotazama miti, nusu vinavyotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini siku 7.96 kwa wastani, na waliotazama ukuta siku 8.70. Wale wa miti walihitaji pia dawa chache za kutuliza maumivu makali, na wauguzi waliandika malalamiko machache juu yao. Ndiyo maana naamini kila zahanati inayochorwa leo katika Kaunti ya Busia, iwe Teso, Nambale, Butula au Bunyala, ingefaa kuanza kwa swali hili: kitanda kitatazama wapi?

Je, wajua magereza nayo yametoa ushahidi? Mtafiti Ernest Moore alichunguza gereza moja la Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafungwa waliotazama ua wa ndani walikwenda kumwona tabibu mara nyingi zaidi kuliko wale ambao vyumba vyao vilitazama mashamba.

Je, wajua sauti ya ndege hudumu ndani ya mtu kwa muda mrefu baada ya ndege mwenyewe kuruka? Watafiti wa King's College London walichapisha mwaka 2022 matokeo ya watu 1,292 waliokuwa wakijibu maswali kwa simu zao mara kadhaa kwa siku. Kila walipomwona au kumsikia ndege, hali yao ya moyo ilipanda, na nafuu hiyo iliweza kudumu hadi muda wa saa nane. Wenye ugonjwa wa sonona nao walinufaika.

Na hapa Busia ni tajiri kuliko wakazi wake wengi wanavyoambiwa. Nyanda za nyasi za Busia na kinamasi cha Sio Port vimetajwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Wapenda ndege husafiri kutoka Nairobi na ng'ambo kuja kutafuta huku aina ambazo ni nadra kuonekana kwingineko nchini. Mojawapo ni mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka. Huzaa kusini mwa Afrika, kisha baridi ya kule inapokaribia hupanda kaskazini hadi nyasi za Uganda na magharibi mwa Kenya. Anahitaji nyasi zilizoachwa wazi, na nyasi hizo zinamegwa mwaka hadi mwaka na mashamba na nyumba. Mtoto wa shule ya msingi Busia anastahili kumjua mbayuwayu huyu kwa jina kama anavyomjua simba.

Je, wajua mito miwili ya mpaka huu huachana, kisha ikakutana tena mbali sana? Mto Sio huteremkia Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Mto Malaba, unaotoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huingia Uganda, ukaungana na Mpologoma na kumwaga maji yake Ziwa Kyoga. Nayo maji ya Ziwa Victoria hutoka Jinja kwa Mto Nile na kupitia Kyoga hiyo hiyo. Tone la Busia na tone la Malaba huweza kuonana huko.

Nimeitaja Kyoga kwa sababu maalumu. Je, wajua kwamba katika matope ya kando ya ziwa hilo ndimo ilimopatikana mojawapo ya bakteria zilizochunguzwa sana katika habari za udongo na furaha? Miaka ya 1970, watafiti kutoka Uingereza, John Stanford akiwa mmoja wao, walikuwa wakishughulika na chanjo ya ukoma nchini Uganda. Walishuku kwamba kitu fulani katika udongo wa eneo la Kyoga kiliwasaidia watu kuipokea vyema chanjo hiyo. Wakakuta bakteria inayoitwa Mycobacterium vaccae, jamaa ya zile zinazoleta ukoma na kifua kikuu, ila yenyewe haina madhara kwa watu wenye afya.

Miaka ilipita. Daktari wa saratani jijini London, Mary O'Brien, aliwapa wagonjwa wa saratani ya mapafu bakteria hiyo ikiwa imeuawa. Maisha yao hayakurefuka, lakini waliishi siku zao wakiwa na hali bora zaidi ya mwili na moyo. Ndipo mwaka 2007 Christopher Lowry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol wakaichoma ndani ya panya, na kukuta kwamba iliamsha seli za ubongo zinazotoa serotonini, kemikali ambayo dawa nyingi za sonona huilenga. Panya si watu, na hakuna aliyethibitisha kwamba kupalilia mtama kunaponya huzuni. Lakini anayesema kwamba akishika jembe moyo wake hutua, asichekwe. Sayansi imeanza kumfuata nyuma, na ilianzia kwenye udongo wa upande wetu.

Je, wajua ile harufu ya ardhi inayoinuka mvua ya kwanza ikigonga vumbi hutengenezwa na viumbe hai? Ni kemikali iitwayo jiosmini, na huzalishwa na bakteria za udongo za jamii ya Streptomyces. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno hewani. Jamii hiyo hiyo ya bakteria ndiyo iliyotoa streptomisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya aina yake kukishinda kifua kikuu.

Je, wajua kumbikumbi wanaoibuka baada ya mvua hiyo wana protini na mafuta kwa wingi? Wateso na Waluhya wa Busia hawakungoja kuambiwa. Na uyoga mkubwa unaoota kwenye vichuguu vya mchwa ni chakula kingine kinachomtoa mtu nyumbani asubuhi, akitembea huku macho yakitafuta. Mazoezi gani mengine humlipa mtu mboga?

Je, wajua mwezi mmoja wa kucheza kwenye udongo hai unaweza kuibadili kinga ya mtoto? Nchini Ufini, watafiti walichukua viwanja vya shule za chekechea vilivyokuwa changarawe tupu, wakavitandika udongo wa msituni, nyasi na masanduku ya kupandia mimea. Baada ya siku 28, watoto wa miaka 3 hadi 5 waliochezea hapo walikuwa na bakteria za aina nyingi zaidi kwenye ngozi, na damu yao ilionyesha dalili za kinga iliyosawazika zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Shule nyingi za mijini Busia na Malaba zinamwaga saruji kila penye udongo, kwa nia njema ya kuepuka tope. Kipande cha nyasi kibakizwe.

Lakini udongo wetu si ule wa Ufini, na asiyelisema hili anawadanganya wazazi. Je, wajua mojawapo ya tafiti maarufu zaidi duniani kuhusu minyoo ilifanyika Busia? Kuanzia mwaka 1998, Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, huku dawa za minyoo zikitolewa kwa awamu. Utoro ulipungua kwa robo nzima katika shule zilizopata dawa. Hata watoto ambao hawakumeza kidonge walinufaika, kwa sababu majirani zao waliacha kuusambaza ugonjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, yakasukuma serikali nyingi kugawa dawa hizo shuleni, Kenya ikiwemo. Mwaka 2019, Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi ya majaribio ya namna hiyo. Watoto wa Budalangi na Funyula wana fungu lao katika heshima hiyo.

Basi mtoto acheze kwenye udongo, ila avae viatu, maana minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo tupu. Choo kiwe na mlango na shimo refu, na dawa ya minyoo isikoswe siku inapoletwa shuleni.

Je, wajua konokono wa kichocho huwaachia vimelea wake kwa wingi jua linapokuwa kali? Anayekwenda kuogelea ziwani Sio Port au Port Victoria saa sita mchana anajitia palipo na hatari zaidi. Kupanda mtumbwi, kuvua samaki, kuketi ufuoni na kuutazama upeo wa maji, yote hayo yana manufaa bila kuloa. Nao mbu wa malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Busia ni miongoni mwa kaunti zilizoanza kupewa chanjo ya malaria mwaka 2019, jambo linaloeleza ukubwa wa ugonjwa huu kwetu. Matembezi yafanywe asubuhi au alasiri, na usiku chandarua.

Je, wajua kuitunza chemchemi ni sawa na kutibu watoto ambao bado hawajaugua? Hili ndilo ningependa lijulikane kuliko mengine yote katika safu hii. Kremer na Miguel, pamoja na Jessica Leino na Alix Zwane, walichunguza karibu chemchemi 200 za vijiji vya Busia na jirani zake. Kuilinda chemchemi ni kazi nyepesi kuieleza: jicho la maji huzungukwa na kufunikwa kwa mawe na saruji, maji yakatoka kwa bomba badala ya kuchotwa kwenye dimbwi ambalo ng'ombe na mvua huingiza uchafu. Uchafu wa kinyesi kwenye maji ya chemchemi zilizolindwa ulishuka kwa asilimia 66. Nyumbani, kwa kuwa maji huchafuka tena kwenye ndoo na mitungi, nafuu ilikuwa ndogo zaidi, karibu robo. Hata hivyo, kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Fikiria maana yake. Watu huzungumzia afya na mazingira kana kwamba ni habari ya watalii na misitu ya mbali. Kumbe kwa mama wa Butula au Matayos, mazingira ni lile jicho la maji chini ya mteremko, na afya ni mtoto aliyelala usiku kucha bila kuharisha. Chemchemi pia ni mahali pa watu kukutana, penye ubaridi, miti na mazungumzo. Panapotunzwa, hutoa maji na utulivu kwa pamoja.

Je, wajua kivuli cha mti huweza kuupunguzia joto uso wa lami au bati kwa nyuzi 11 hadi 25 jua likiwa kali? Mti hufanya kazi mara mbili: huzuia miale, na hupoza hewa kwa maji yanayopumuliwa na majani yake. Mvule mmoja mkubwa hufunika soko dogo. Katika sehemu nyingi za Busia watu bado wanaikumbuka mivule iliyokatwa kwa ajili ya mbao.

Je, wajua chini ya mti ndipo ilipojengwa mojawapo ya huduma mashuhuri za afya ya akili barani Afrika? Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alikosa vyumba na wauguzi wa kutosha huko Mbare, Harare. Akawafundisha akina bibi 14 kusikiliza watu na kuwasaidia kutatua shida zao, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016, jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya watu 573: baada ya miezi sita, karibu asilimia 14 ya walioketi na bibi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Aliyeponya ni bibi, na sidhani mti ungefanya kazi hiyo bila yeye. Ila benchi la nje lina siri yake. Anayepita hajui kama umekuja kutibiwa au kupiga gumzo, na aibu haina pa kushika. Kwa dereva aliye mbali na mkewe kwa wiki tatu, au kwa mama aliyepoteza bidhaa zake zote mpakani, sehemu kama hiyo ingefaa sana Malaba.

Je, wajua wiki moja ya kulala hemani inaweza kurekebisha usingizi? Mwaka 2013, Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwapeleka watu wanane milimani bila tochi wala simu, mwangaza wa usiku ukiwa moto wa kuni tu. Walirudi saa ya mwili wao ikienda na jua, homoni ya usingizi ikianza kazi takriban saa mbili mapema kuliko walipokuwa mjini. Busia iko karibu kabisa na ikweta, jua linachomoza karibu saa moja mwaka mzima. Walinzi, madereva na maofisa wa mpaka unaofanya kazi usiku na mchana hawawezi kuliacha lindo lao. Wanachoweza ni kuupata mwanga wa nje mara tu wanapoamka, na kuzima simu kabla ya kulala.

Je, wajua macho ya watoto yanahitaji mchana? Katika shule 12 za Guangzhou, Uchina, nusu ya shule ziliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto wa shule hizo walikuwa wameanza kutoona mbali, dhidi ya 39.5 ya wengine. Ni mwangaza wa nje unaolisaidia jicho likue kwa kipimo, si mazoezi. Mzazi anayemfungia mtoto ndani na simu ili asipotee kwenye zogo la mpaka ana hofu ya haki. Amtafutie basi uwanja wenye ua na mtu wa kumwangalia.

Je, wajua Japani ilianza mwaka 1982 kuwahimiza raia waende msituni kwa ajili ya afya? Si kuwinda wala kukata kuni, kwenda tu, na kupumua. Daktari Qing Li alipima baadaye damu ya waliolala msituni siku mbili tatu, akakuta seli za kinga zinazoua virusi na uvimbe zimeongeza nguvu, na nguvu hiyo ilidumu zaidi ya wiki. Makundi yake yalikuwa madogo, lakini msitu tunao: Kakamega, mabaki ya mashariki kabisa ya msitu ule mkubwa wa Kongo, ni safari ya matatu ya asubuhi kutoka Busia.

Je, wajua karibu zaidi, huko Teso Kaskazini, kuna mwamba ambao watu wameukimbilia kwa miaka 9,000? Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, ni mnara wa kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Ukutani mwake kuna michoro ya maumbo ya ajabu na ya ng'ombe, iliyochorwa juu ya mingine na watu wa vizazi mbalimbali. Mwaka 2024, watafiti wakiwemo Emmanuel Ndiema, Steven Goldstein na Natalie Mueller walitangaza kwamba punje za kunde zilizochimbwa hapo zina umri wa miaka 2,300, ushahidi wa zamani kuliko mwingine uliopimwa moja kwa moja wa kilimo cha mimea Afrika Mashariki. Wimbi nao ulikuwepo, kwa uchache miaka 1,000 iliyopita. Nenda asubuhi, beba maji, vaa viatu vya kufunika vidole, na panda taratibu. Hewa ni ya Elgon, na mlio wa trela hausikiki.

Je, wajua kuzoa takataka peke yake hakutoshi? Jijini Philadelphia, viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa kura. Baadhi vilisafishwa na kupandwa nyasi na miti michache, vingine vilizolewa taka tu, vingine vikaachwa. Mwaka 2018 ilibainika kwamba wakazi wa karibu na vile vilivyopandwa walipungukiwa na hisia za huzuni kwa asilimia 41.5. Palipozolewa taka tu, mabadiliko hayakuwa na uzito. Nchini Denmark nako, utafiti wa watu zaidi ya 900,000 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokulia penye kijani kidogo kabisa walikuwa na hatari ya maradhi ya akili iliyozidi hadi asilimia 55.

Viwanja vya namna hiyo, vyenye mifuko ya plastiki na vyuma vya magari, havikosekani Busia wala Malaba. Mikutano ya wananchi ya kujadili bajeti ya kaunti ndipo mahali pa kuvitaja, kimoja kimoja, kwa jina la mtaa.

Na anayetaka kupanda mwenyewe, je, wajua msimu wake na mti wake? Mvua ndefu huanza Machi. Shimo lichimbwe kabla, mche uingie ardhi ikiwa imeloa. Nyumbani panda mwembe au mparachichi, upate kivuli na tunda. Sokoni panda mvule, ukubali kungoja. Mkaratusi hukua upesi na huuzwa nguzo, lakini hunywa maji mengi, kwa hiyo uuweke mbali na mito na chemchemi. Kando ya jicho la maji panda mkuyu, kisha weka uzio hadi mti uwe mrefu kuliko mbuzi.